Birika Moja

Maji ya bomba, kwetu Wete, hutoka alfajiri,
saa moja na nusu, kisha yanakata.
Jirani walijaza madumu ya kupikia.
Mie nilijaza ya kutawadhia.

Ndoo ya kwanza, mkono wa kulia.
Ya pili, kwa kuwa ya kwanza sikuwa na hakika nayo.
Ya tatu, tone liliruka sakafuni, likanirudia mguuni,
na sakafu, nani anaijua sakafu?
Imamu akatoa salamu, watu wakatoka,
mie bado nimeinama,
viwiko vimepauka kama mhogo uliomenywa.

Siku hizo nilidhani nina dini sana.

Mama mkwe akasema ni jini la maji.
Nikanywa kombe. Bakuli lake nililiosha mara saba kabla
na mara saba baada.
Maalim Faki akaniambia: "Ukishamaliza, shaka haina mlango.
Yakini haiondolewi na shaka."
Nilifurahi tangu adhuhuri hadi alasiri.
Jioni nikapiga hodi kumuuliza tena.
Kesho yake nikamtuma mtoto.
Mara ya nne alinitazama kwa huruma:
"Mwanangu, si jibu ulilolikosa. Nenda hospitali."

Hospitali!
Penye vitasa vilivyoshikwa na wagonjwa wa kaskazini nzima!
Mlango niliufungua kwa ncha ya buibui.

Muuguzi, Bi Time, hakuniuliza juu ya jini
wala hakunikataza kulitaja.
Alichora duara nyuma ya kadi yangu:
shaka, hofu, maji, nafuu,
kisha shaka iliyonenepa.
"Maji hayaizimi," akasema. "Maji ndiyo kuni zake.
Wazo linaingia bila hodi, na mkono unalilipa kodi.
Ni maradhi, Raya. Yana jina, yana dawa."

Ndipo nikamtolea na lile nisilomwambia mtu:
kisu cha samaki, na shingo ya mwanangu amelala.
Miezi mitano sikushika kisu.
Tulikula dagaa, mume wangu akidhani nawapenda.
Hakushtuka. Aliendelea kuandika.
"Wazo si nia. Wengi huwapitia likaenda zake.
Wewe umelifungia geti ndani."
Nililia mpaka kalamu yake ikaisha wino,
au labda ilikuwa imeisha tangu asubuhi.

Kidonge kimoja kila siku, baada ya chai.
Si panadoli: wiki ya kwanza kichefuchefu tu,
ya tatu nikataka kuvitupa,
ya sita kelele kichwani zikashuka kidogo,
kama redio ya jirani aliyekumbuka kuna mgonjwa.

Na kazi ile nyingine, ngumu kuliko kidonge.
Shika kitasa. Kaa. Usinawe.
Hofu ilipanda kama maziwa jikoni,
themanini, tisini, nikasubiri kufa.
Dakika ya arobaini na mbili
nilijikuta nawaza bei ya pweza.
Maziwa yalikuwa yameshuka, wala sikuyapuliza.

Wiki nyingine, kisu. Nyanya kwanza.
Kisha changu mzima, mtoto anacheza miguuni pangu,
jasho linanitoka, magamba yanaruka.
Kisha udhu: birika moja, mara moja,
na likiisha limeisha.

Sijui niseme nimepona.
Goti lililovunjika hupona, lakini hujua mvua kabla ya mawingu.
Ramadhani iliyopita nilirudi kwenye ndoo siku tatu.
Ya nne nikachukua birika.

Leo alfajiri, kanga bado ina unyevu, nimemuuliza mume wangu:
"Asaa, udhu wangu umetimia?"
Zamani angeapa, hata mara kumi, ili nilale.
Bi Time alimfundisha asiape.
Nimeona koo lake likimeza.
"Sijui," amesema.
Kisha akanisogezea mkeka,
akaenda kujaza dumu la kupikia.